Pemba ya Kijani

Siku ya sita nilihesabu chembe nyekundu tisa, na za kijani sifuri. Nikafuta miwani kwa upindo wa kitenge, nikaisogeza taa ya zambarau hadi ikakaribia kugusa karatasi, nikahesabu upya. Tisa kwa sifuri. Ungekuwa mpira wa miguu ningesema refa kahongwa.

Chumba chetu cha maabara, pale kituo kidogo cha kuchunguza maji ya ziwa mjini Rumonge, nilikuwa nimekiziba dirisha kwa blanketi ili kiwe na giza mchana kweupe. Taa ilikula betri ya gari, maana umeme ulikuwa unakuja ukipenda. Humo ndani joto lilikuwa la kuchemshia ndizi. Ilikuwa Jumanne, na Ijumaa tume ya komini, serikali yetu ya mtaa, ingekaa kuamua kama wanawake arobaini wanaokamua mawese ufukweni wafukuzwe au waachwe. Mmoja wao ni dada yangu Nour, aliyenilea tangu mama afariki na kunisomesha kwa mawese hayo hayo. Na karatasi iliyokuwa mbele yangu ilisema wafukuzwe.

Tangu mvua za mwaka ule wa 1998 zianze, maji ya bomba mjini yalikuwa mekundu kama chai iliyozidi majani. Bomba hilo huvuta maji ziwani, mita mia tatu kutoka nchi kavu. Kusini yake wako wanawake na mapipa yao ya kuchemshia ngazi, matunda ya mchikichi. Kaskazini yake kinaingia kijito kinachoshuka mlimani, na huko juu jeshi lilikuwa na pozisiyo, kambi yake. Ili malori yao yapande, walikata miti na kuchimba barabara, mlima ukabaki uchi. Mvua ikinyesha, kila mwenye macho aliona udongo unateremka. Lakini mwaka ule macho hayakuwa ushahidi, hasa macho yaliyotazama upande wa pozisiyo. Wakubwa wakasema ni uchafu wa mawese. Mawese hayana bunduki.

Nikasema sawa, tutapima. Tope laini halina jina. Ukilikuta bombani huwezi kuliuliza limetoka wapi. Kwa hiyo unalipa jina kabla halijaondoka. Unachukua udongo laini, unautia rangi isiyotoka kwa maji, unaumwaga pale unapopashuku, kisha unakwenda kungoja upande wa pili. Kila asubuhi unachota maji, unayachuja kwa karatasi, unaiweka karatasi chini ya taa ya zambarau. Udongo wa kawaida hukaa kimya, ule wenye alama huwaka. Nyekundu ningeimwaga kwa kina Nour, kijani kijitoni, chini ya ile barabara.

Rangi nilikuwa nayo, makopo mawili yaliyobaki kabla ya ambargo. Udongo wake maalumu ndio uliokwama kwenye bandari ya nchi jirani, kwa sababu majirani walikuwa wametufungia mipaka ili tuache kupigana. Tulikuwa hatujaacha kupigana, ila udongo tulikosa. Nikaenda sokoni, kwa wale mama wa Kikongo wanaouza pemba, udongo mweupe ambao wenye mimba huutafuna wakishikwa na hamu. Hakuna udongo laini kuushinda. Nikanunua beseni zima, nikatwanga, nikachekecha, nikatia rangi. Unga ungepeperuka, kwa hiyo nikaufinyanga madonge ya ukubwa wa yai la kuku na kuyaanika. Juani yalikuwa meupe tu, huwezi kudhani kitu. Nilijiona mjanja sana.

Nyekundu niliimwaga mwenyewe, Nour akinitazama mikono kiunoni.

“Wewe Siku, unatutilia uchafu wako kisha unakwenda kuuliza kama tuko wachafu?”

“Ndiyo kazi, dada.”

“Kazi gani hiyo!” akasema, akarudi kwenye pipa lake.

Kijani ndiyo ilikuwa shughuli. Kupita bariyeri ya wanajeshi kwenda mlimani kulihitaji ruhusa, na ombi langu lilikaa mezani kwao wiki tatu bila jibu. Waliopita bila maneno ni wanawake wenye mashamba huko juu, tena kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa mchana. Vestine alikuwa mmoja wao. Ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, ameolewa hapa. Shamba lake la muhogo lilipakana na kijito, na siku zisizo za shamba alikamua mawese na Nour. Wakifukuzwa wale arobaini, anafukuzwa naye. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilimpa mfuko wa madonge ya kijani, nikamwonyesha kwa vidole jinsi ya kuyapanga majini. Jioni alirudi akaniambia, “Bimekwisha, dada. Niliweka yote.” Nikamshukuru, nikaanza kuhesabu siku. Sasa ilikuwa siku ya sita, na kijani sifuri.

Injinia Casimir, mkuu wangu, alifika saa sita na msafara wa magari kutoka Bujumbura. Barabara ya ziwani siku zile ilipitwa kwa msafara au haikupitwa. Alishuka na vumbi hadi kwenye nyusi, akaingia nyuma ya blanketi, akainama kwenye taa.

“Nyekundu tisa.”

“Ndiyo, lakini siku sita hizi haikunyesha, injinia. Bila mvua…”

“Na kijani?”

“Bado.”

“Madame Sikujua, bado si chiffre, si tarakimu. Sifuri njo chiffre.” Akajinyoosha na kupangusa shingo. “Mimi sikuomba hii expérience. Ni wewe uliniandikia barua tatu. Ulisema udongo utasema ukweli. Haya, umesema.”

“Udongo haujasema kitu! Kuna kosa mahali.”

“Kosa liko kwa nani?”

Hapo nikapandisha sauti, kama kawaida yangu. Nilimwambia kwamba hajui hata kijito kilipo, na kwamba kukaa ofisini Bujumbura si kujua ziwa. Alinisikiliza kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kushinda, kisha akasema Ijumaa atasoma tarakimu kama zilivyo, maana hana nyingine. Nilitoka nikaubamiza mlango, bawaba ikang'oka. Mpaka leo mlango ule haufungi vizuri.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Vestine. Nilimkuta kwake, ameketi kwenye kigoda anamenya muhogo. Sikumwamkia.

“Ule udongo uliuweka wapi?”

“Mu kijito, dada. Kama ulivyosema.”

“Sehemu gani?”

“Pale… penye mawe.”

“Mawe gani? Chini ya barabara au juu? Vestine, nitazame! Kijani haijafika hata chembe moja. Dada yangu anafukuzwa kwa sababu yako!”

Aliweka kisu chini. Machozi yalianza kumtoka kimya kimya, na mimi, Mungu anisamehe, nilizidi kufoka. Nilisema nilimwamini kuliko ndugu. Nilisema anacheza na mkate wa watu arobaini. Nikamaliza maneno yote niliyokuja nayo, ndipo akasema.

“Basoda walifungua mufuko. Pale bariyeri. Wakauliza, hii ni nini? Mi nilikuwa naweza kusema ni dawa ya kupima maji? Wangenifunga. Wangesema ni sumu, ama ni baruti ya bale ba mu msitu. Nikasema, ni pemba, niko na mimba. Mumoja akacheka. Akasema, kama ni pemba, kula tuone.”

“Ukala?”

“Nikakula. Donge mbili. Balikuwa na bunduki, dada.”

Kopo la ile rangi liliandikwa kwamba si sumu. Halikuandikwa kwamba ni chakula. Nililitazama tumbo lake na nikakosa pa kuweka macho.

“Na mengine?”

“Madamu wa komanda wa pozisiyo alikuwa anapita na gari. Madamu Chanceline. Naye iko na mimba. Aliona pemba, macho ikamutoka. Anasema, tangu wafunge njia hajapata pemba muzuri. Akachukua mufuko yote.” Akapangusa pua kwa kitenge. “Akanipa murakoze mingi, asante tu.”

“Kwa nini hukuniambia siku ile ile? Ningetafuta njia nyingine!”

“Wewe?” Sasa ndipo aliponitazama. “Wewe dada, watu wanakwambiaka kitu?”

Nour huniambia hasira hasara tangu nikiwa msichana, nami humjibu kwamba hasira zangu hazijamgharimu mtu. Nilichuchumaa karibu na kigoda. Kwa kuwa bado nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, niliuliza kama labda madamu aliuangusha ule mfuko kijitoni.

“Hapana. Alienda nayo mu nyumba yake, kule mu pozisiyo.” Akatabasamu kidogo katikati ya machozi. “Mu kile kijito kutoka kwao inangukaka kitu kimoja tu. Choo yao njo imejengwa juu ya maji. Mbao mbili na mabati. Sisi wote ba mashamba tunaijua, tunapita mbali.”

Sikulitilia maanani. Rangi ilikuwa imebaki vumbi tu kwenye kopo, na siku zilikuwa tatu. Jumatano asubuhi nilihesabu tena nikapata sifuri. Mchana ule mvua ikanyesha, mvua ya mawe iliyopasua mabati ya soko, na kufikia alasiri kijito kilikuwa kimevimba na ziwa mbele ya bomba limekuwa jekundu hadi mbali. Nilisimama ufukweni nimelowa chepechepe. Hii ndiyo mvua niliyokuwa naiombea, na udongo wangu wa kuifuata ulikuwa tumboni mwa mke wa komanda. Ningeweza kulia kwa hasira, na nililia, kwa kuwa kwenye mvua hakuna anayejua.

Alhamisi nilichota maji kwa mazoea tu. Nikachuja, nikaingia nyuma ya blanketi, nikawasha taa.

Karatasi iliwaka kijani. Chembe zilikuwa zimetapakaa ukingo hadi ukingo. Nilihesabu mia mbili na kumi na nne, nikaacha. Nyekundu zilikuwa kumi na moja.

Kwa dakika nzima nilifurahi kama mwehu. Halafu nikaanza kufikiri. Kijani ile haikumwagwa. Ililiwa. Ililiwa kidogo kidogo kwa siku saba na mwanamke mmoja aliyeshikwa na hamu, ikapita njia zinazopita vyakula, ikaangukia penye mbao mbili na mabati, ikakaa kwenye mawe mpaka mvua ilipokuja kuizoa. Rangi yangu haiyeyuki tumboni, kama isivyoyeyuka majini. Nikaitazama ndoo niliyochotea. Kisha nikaitazama birika tuliyokunywea chai asubuhi.

Nilikuwa na ushahidi kuliko nilivyoomba. Kinachotoka pozisiyo kinafika bombani, na mvua moja inaleta kutoka huko mara ishirini ya kinachotoka kwa kina Nour. Na singeweza kuutamka. Nikisema kijani imetoka pozisiyo, wataniuliza ilipitaje bariyeri. Nikisema ilivyopita, wanamkamata Vestine kwa kupitisha unga asioujua mtu mbele ya askari wenye silaha, na mwaka ule watu walipotea kwa pungufu ya hapo. Nikinyamaza, Casimir anasoma tisa kwa sifuri. Nilikaa gizani na taa imezimwa, nikamtukana kila mtu niliyemjua, kuanzia na mimi.

Ijumaa tume ilikaa kwenye ukumbi wa kituo chetu. Walikuwepo wakubwa wa komini, mtu wa mambo ya maji, Casimir na faili lake, na Komanda Aristide mwenyewe, mrefu, mpole wa sauti. Wanawake wa mawese walisimama nje kwenye madirisha, Nour mbele, Vestine nyuma yake. Mezani kulikuwa na jagi la maji ya bomba yaliyochujwa kwa kitambaa. Komanda alikuwa ameshamaliza glasi yake ya kwanza.

Casimir alisoma tarakimu za siku sita. Nje wanawake wakaguna. Nikasimama, nikasema kuna tarakimu za siku ya nane, baada ya mvua, na hizo sizisomi.

“Huzisomi?” Casimir akageuka, uso umemwiva. “Madame, hapa si sokoni!”

Ulimi ulikuwa umeshaanza kuwasha. Nilikuwa na maneno ya kumrarua yeye, na tume, na jeshi zima, mbele ya watu wote, na Vestine alikuwa dirishani ananitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyefunguliwa kamba. Nikasema kwa sauti ndogo ambayo hata Nour hajawahi kuisikia, tena kwa wingi wa heshima, “Komanda, naomba mje muone wenyewe. Peke yenu. Baadaye mtaamua kama zisomwe.”

Alinifuata nyuma ya blanketi. Niliwasha taa, nikamwonyesha karatasi, nikamweleza kijani na nyekundu. Alielewa haraka.

“Na hii kijani uliiweka wapi?”

“Sikuiweka, Komanda. Ilichukuliwa bariyeri. Ni pemba aliyokula madamu nyumbani kwenu.”

Alitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akatazama kule ukumbini, mahali jagi lilipokuwa. Akapangusa midomo kwa kiganja.

“Yule mwanamke aliyeibeba?”

“Nilimdanganya. Nilimwambia ni pemba kweli. Kosa ni langu, mkitaka mtu wa kufunga mnaye hapa.”

“Itamudhuru mutoto?” Hapo sauti ilikuwa ya mwanamume tu, si ya komanda.

“Kopo linasema si sumu. Lakini aache leo hii. Na choo, Komanda…”

“Nimeelewa.” Alinyoosha mkono. “Nipe hiyo karatasi.”

“Na barabara? Udongo wa barabara unapita njia hiyo hiyo.”

“Barabara iko ya vita,” akasema. “Karatasi.”

Nikampa. Aliikunja mara nne, akaiweka mfuko wa kifuani, akarudi ukumbini na kutangaza kwamba kipimo hakikukamilika, kwamba wanawake wabaki mahali pao mpaka amri nyingine, na kwamba faili lifungwe. Casimir aliandika hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza. Wanawake nje walipiga vigelegele, na mimi nilisimama mlangoni pa maabara mikono mitupu. Nilijisikia kama mtu aliyelipwa ili anyamaze.

Jioni nilikwenda ufukweni. Mapipa yalikuwa yanachemka tena. Nour alinikumbatia kwa mikono ya mafuta, akaniachia, akanitazama usoni.

“Kwa hiyo wamesema si sisi tunaochafua maji?”

“Wamesema mbaki.”

“Nimekuuliza kitu kingine, Siku.”

“Hawakusema si nyinyi, dada.”

Akachukua mwiko wake. “Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leo asubuhi bombani mwanamke amenitemea mate, ananiita mama topetope. Kesho atatema tena.” Akakoroga pipa mizunguko miwili mitatu. “Lakini ahsante.”

Vestine alikuwa ameketi pembeni anachambua ngazi. Nilikuwa nimepitia sokoni. Nikatoa kwenye kitenge donge moja la pemba, safi, la yule yule mama wa Kikongo, halijaguswa na rangi wala na mkono wangu zaidi ya kulibeba. Nikamwekea kiganjani. Nilitaka kusema nisamehe, lakini neno hilo kwangu hutoka kwa shida.

Aliligeuza, akalinusa. Niliona hamu ikimjia hadi kwenye midomo. Kisha akanirudishia.

“Kula kwanza wewe,” akasema. “Tuone.”

Nikakaa chini karibu naye, nikala.